Miraba Tisa Myeupe

Nyumba ya kona, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu tele za mwanao, na kabla sijasema lolote naomba unijibu haya: goti lako la kushoto linaendeleaje? Bado unapanda zile ngazi za ghorofa ya tatu kwa kupumzika mara nne, au mwenye nyumba amekuhamishia chini kama alivyoahidi? Na kifua cha bwana wako je, baridi ya huko imekionea huruma? Sisi huku ni wazima wa mwili. Tunakula, tunalala, mvua inanyesha kila siku ya Mungu na nguo hazikauki. Mengine nitakueleza taratibu, maana nikiyamwaga kwa mkupuo utadhani ndoa imenishinda.

Haijanishinda! Shangazi, ningekuwa na uwezo ningemkunja mume wangu nimtie ndani ya bahasha hii ukamwone mwenyewe. Miezi minne sasa, na bado ananiletea chai kitandani. Akishaniaga kwenda kibandani kwake kutengeneza saa za watu, anarudi kutoka mlangoni kunibusu mara ya pili, halafu anarudi tena kwa kisingizio kwamba amesahau lenzi yake ya kazi, na lenzi yenyewe inaning'inia shingoni. Nimekufa nimeoza. Nikiosha vyombo naimba. Jirani yetu mshona viatu amenibandika jina la Redio, kwa sababu anasema sizimwi.

Ndiyo maana sielewi inakuwaje mtu awe na furaha kiasi hiki na bado akae jikoni akilia mpaka unga aliokuwa anachekecha unaloa. Leo nakuandikia habari ya hicho kilio. Sina mwingine wa kumwambia.

Nadhani nilikuandikia kwamba baada ya harusi tulisafiri siku tano, tukaenda kwa treni hadi ule mji wa mbali ambako baba mkwe alifanya kazi ujanani. Baba mkwe, ambaye tunaishi naye nyumba hii moja, ni mwashi. Mtaani wanamwita Mzee Patasi. Maisha yake yote amejenga kuta, ngazi na mitaro, isipokuwa mara moja tu alichonga sanamu: mwanamke wa jiwe, mkubwa kuliko mtu, ameketi juu ya sanduku la safari mbele ya stesheni, anasubiri treni. Tulipokuwa tunafunga mizigo alitwambia jambo moja: "Mkifika, nipigieni picha ya yule mama. Awe mzima, kutoka mbele." Hakusema kwa nini. Si mtu wa kueleza kwa nini.

Tukafika. Shangazi, tulikuwa wendawazimu wa mapenzi! Mume wangu alikuwa na kamera ya kuazima, na kila alipoiinua aliniona mimi. Mimi nimeegemea goti la sanamu. Mimi nanong'ona sikioni mwa sanamu. Mimi nimepanda na kukaa kabisa mapajani pake, miguu inaning'inia, nacheka mpaka magego yanaonekana. Zikabaki picha mbili tu kwenye filamu, kisha moja, ndipo nikamuuliza, "Na baba yako je?" Nikashuka, akaipiga sanamu ikiwa peke yake.

Hapo sasa ndipo ufundi wa mume wangu ulipotuponza. Fundi saa hawezi kuona kitu chenye mgongo akaacha kuufungua. Alisikia kamera inakwaruza, akaifungua palepale kwenye benchi la stesheni aone kuna nini, kabla filamu haijarudi kwenye kopo lake. Mwanga ukaingia. Tulipozifuata picha studio, mpiga picha alitukabidhi ile ya mwisho kwa ncha za vidole, kama daktari anayetoa habari mbaya: kichwa kipo, shingo ipo, mabega yapo, na chini yake kote pameungua, peupe.

Tulizipeleka kwa baba mkwe tukicheka. Macho yake yana presha, yamekuwa yakififia mwaka wa tatu huu, na picha ndogo kwake ni ukungu mtupu. Kwa hiyo tulikuwa tunamsimulia: hapa bi harusi ameegemea, hapa bi harusi amepanda. Akatusikiliza zote, kisha akauliza, "Mikono ya yule mama inaonekana?"

Tukazipitia zote tena. Haikuonekana hata katika moja. Katika kila picha mimi niko mbele yake, na ile aliyo peke yake ndiyo iliyoungua.

"Haya," akasema. "Nilituma jiwe, mmeniletea bi harusi." Tukacheka, na yeye akacheka, halafu akainuka akaenda kukaa barazani mpaka chai yake ikapoa.

Siku ya pili ndipo alipotueleza, na tangu siku hiyo sijawa mtu. Uso wa ile sanamu haukuwa wa mtu yeyote, alipewa na wakubwa wa reli umeshachorwa. Lakini mikono hawakuichora, walimwambia atie yoyote. Akatia ya mkewe, yule mama mkwe ambaye mimi sikumkuta. Walikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Siku nane mkewe alikaa mbele yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, viganja vimelala mapajani vikitazama juu, naye akavichonga. Siku ya tisa akaja mkandarasi akasema mwanamke wa mikono mitupu anafanana na ombaomba, atiwe mkoba. Na kutia mkoba maana yake ni kuvikata vile vidole. Baba mkwe akasema yeye hakati. Mkandarasi akamjibu kwamba yupo atakayekata. Baba mkwe akakusanya vyombo vyake, akamshika mkewe mkono wakapanda treni, na hakurudi tena.

Miaka thelathini na moja, Shangazi, hajui kama vidole vya mkewe vilikatwa. Mama mkwe amefariki bila kujua. Picha yake iliyobaki ni ile ya kitambulisho, inaishia mabegani. Na daktari wa macho alikwisha sema kwamba macho ya mzee hayatavuka mvua hizi. Alichotaka ni kuiona hiyo mikono mara moja, basi.

Na mimi nilikuwa nimeikalia! Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kinauma. Nilihisi ubaridi wa jiwe. Nilihisi kitu kimenichoma kidogo nyuma ya paja. Kilikuwa kidole? Kilikuwa pembe ya mkoba? Mume wangu alikuwa ananiambia nicheke, nikacheka. Jibu la mzee wa watu lilikuwa chini ya sketi yangu, na sikugeuza hata shingo.

Wazo la kuchora lilikuwa langu. Nilikuwa nimegundua kwamba picha haoni, lakini mstari mnene mweusi kwenye karatasi nyeupe, ukisogezwa dirishani mchana, anauona. Siku moja alisoma tangazo la mshona viatu lililoandikwa kwa makaa. Basi nikasema nitaikuza sanamu yote, na mikono nitaipata kwa barua. Siku hiyohiyo nikamwandikia mkuu wa stesheni ile, nikamsihi amtume mtu aitazame mikono ya yule mama na kutuambia ina nini.

Wakati tunasubiri jibu nikaanza kazi. Mwalimu wetu wa sanaa wa kidato cha pili alitufundisha kukuza picha kwa miraba, na ajabu ni kwamba sikusahau. Unaipiga picha mistari kwa rula na penseli iliyochongwa vizuri, kila mraba sentimita moja. Kwenye karatasi ya manila unapiga miraba ileile, lakini kila mmoja sentimita tano. Kisha unahamisha mraba mmoja mmoja, bila kufikiria kwamba unachora pua au goti. Unajiuliza tu: huu mstari unaingilia wapi, unatokea wapi? Yangu ilitoka miraba mia na hamsini. Niliifanya juu ya meza ya kulia chakula, mume wangu akila mapajani wiki tatu nzima bila kulalamika, na akinichongea penseli kwa kisu chake cha saa mpaka ncha zinachoma. Nisimpendeje mtu kama huyu?

Kichwa na mabega nilivitoa kwenye ile picha iliyoungua. Sanduku, miguu na pindo la gauni nikavitoa kwenye ile niliyokaa mapajani. Mikono nikaipata kutoka begani mpaka vifundoni tu, bila viganja, kwenye ile niliyoegemea. Kila mahali nilipokuwa nimeziba, nilijifuta mwenyewe kidogo kidogo: hapa begani pangu panatokea mkunjo wa gauni, mkunjo huo unaendelea hivi, kwa hiyo chini ya kiuno changu lazima upite vile. Sijawahi kuichukia sura yangu inayocheka namna ile. Nikatia kivuli kwa penseli laini, nikarudia mistari ya nje kwa makaa ili mzee aione. Nilichodanganya ni kimoja tu, kinyesi cha ndege kilichokuwa begani mwake sikukichora. Mwishowe nilikuwa nimemaliza miraba mia moja na arobaini na mmoja. Ikabaki tisa, pale katikati ya mapaja.

Barua ya mkuu wa stesheni ikaja. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Anasema sanamu ilivunjwa mwezi wa Aprili kupisha maegesho ya magari, na mawe yake yamejazwa chini ya jukwaa jipya. Yeye ni mgeni pale, hakuwahi kuitazama mikono yake, na wafanyakazi aliowauliza kila mmoja ana lake: mmoja anasema alishika tiketi, mwingine anasema hakuwa na kitu, wa tatu anasema hakujua kama ni mwanamke. Anasikitika. Akapiga muhuri.

Siku hiyo ndiyo tuliyogombana kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Naona aibu hata kuliandika.

"Mke wangu, chora mikono mitupu yaishe," akaniambia.

"Na kama waliikata?"

"Nani atajua? Jiwe limeshakuwa kokoto."

"Mimi nitajua."

"Baba anaomba kitu kimoja kabla hajawa kipofu, wewe unaleta mambo ya mahakamani!"

"Baba yako hakuniomba nimfurahishe. Ameniomba nimwambie kulikuwa na nini."

Akavaa viatu. Akiwa mlangoni akageuka, nikadhani anarudi kunibusu. Akasema, "Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa rula." Akaenda kazini. Shangazi, hakurudi mara ya pili, wala kwa kisingizio cha lenzi. Nililia mpaka mshona viatu akagonga ukuta kuuliza kama Redio imeharibika.

Jioni yake akanikuta nimekaa mbele ya karatasi. Akakaa karibu nami, akanishika bega, akasema kama nimeamua basi tutamwambia pamoja. Tukapatana kwamba Jumapili, kukiwa na mwanga, tutampelekea mchoro kama ulivyo, miraba tisa ikiwa myeupe, na mimi nitasema: Baba, hapa hatujui, na hakuna tena wa kumuuliza. Niliyakariri hayo maneno nikipika, nikifagia, nikioga.

Jumapili iliyopita tukampelekea. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe. Mume wangu akasogeza meza dirishani, tukaitandaza karatasi. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Nikafungua mdomo niseme. Kabla sijasema, kidole chake kikaanza kutembea juu ya karatasi, kikapita magoti, kikatulia.

"Hii hapa," akasema. "Hawakuikata. Tazameni, vidole vyote vipo."

Kidole kilikuwa juu ya kufuli la sanduku.

Mume wangu akapitisha kiganja chake mbele ya macho ya baba yake, taratibu, mara mbili. Hayakupepesa. Mzee alikuwa analia na kutabasamu, na ananishukuru, akisema nimeipata mpaka mikunjo ya viganja. Niliyoyakariri yote nikayaacha, nikampa leso afute machozi. Baadaye ndipo tulipoanza kuunganisha: Alhamisi alimimina chai mpaka ikafurika, akasema kikombe hiki ni kifupi siku hizi. Ijumaa aliomba kijana wa kinyozi aje kumnyolea nyumbani, kwa madai kwamba mvua inamchosha. Nyumba hii ameijenga mwenyewe, anaitembea bila macho. Alikwisha kupofuka siku tatu kabla, hakumwambia mtu.

Sijui, Shangazi, kama aliiona kweli hiyo mikono ndani ya kichwa chake, au alituona sisi wawili tulivyohangaika akaamua kutupa zawadi. Mume wangu anasema tusiulize. Hakunisimanga hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mchoro ameutundika ukutani, sebuleni, mkabala na mlango. Kila mgeni anayeingia analetwa mbele yake. "Mtazame mke wangu," anamwambia, "mtazame mikono yake." Wageni wanatazama, wanaliona lile tundu jeupe katikati ya mapaja, wanatugeukia sisi. Mume wangu anaweka kidole mdomoni. Juzi mshona viatu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikohoa, akavua kofia, akasema, "Naam, mzee. Mikono hasa."

Nimechukua penseli mara tatu niijaze ile miraba. Mara tatu nimeirudisha. Nikichora sasa nitakuwa nimemdanganya nani? Yeye haoni. Na nisipochora, kila siku namdanganya mchana kweupe kwa kunyamaza. Na kwa kweli, hili sijamwambia hata mume wangu, sinyamazi. Kila jioni, kabla ya chakula, mzee anavuta kiti chake ukutani na kuniambia, "Nielezee." Na mimi namwelezea. Mimi niliyekataa kuchora mstari mmoja nisioujua, mimi niliyeitwa rula! Namwelezea kidole gumba kilivyoegemea, namwelezea mistari ya kiganja, na kila siku naongeza. Akiridhika anaitikia kwa koo. Nikikosea ananisahihisha.

Jana nilimwambia kucha za mkono wa kushoto ni ndefu kidogo. Akatikisa kichwa, bila hasira, kama mwalimu.

"Mwanangu, hilo haliwezekani. Alikuwa anafua. Hebu tazama vizuri."

Nikainuka. Nikaenda mpaka ukutani, nikasogeza uso mpaka pumzi yangu ikarudi kutoka kwenye karatasi. Palikuwa na alama za rula tu, nilizozifuta nusu. Naye alikuwa ananisubiri, amenigeuzia sikio.

"Ni kweli, Baba," nikasema. "Ni fupi. Nilitazama vibaya."

"Ehe," akasema. "Endelea."

Nisalimie bwana wako, umwambie apunguze kusimama barazani bila koti. Nisalimie mapacha, na yule binamu yangu Kipara aliyeanza kazi ya uuguzi, mwambie namuombea. Mume wangu anakuamkia shikamoo na anasema goti lako lichuliwe kwa maji ya moto. Baba mkwe naye anakusalimu sana, anasema siku ukija utaona mwenyewe.

Mungu akulinde, Shangazi, akutie nguvu miguuni na akuachie macho yako mpaka mwisho. Unapompigia magoti mtaje na binti yako huyu, ambaye hajui tena aombe nini.

Ni mimi nikupendaye kwa moyo uliojaa mpaka unauma,

Binti ya kaka yako.